Hakuguswa hata ukucha, lakini toka usiku ule si yule

Shikamoo mama,

Nakuandikia kutoka Coventry, Uingereza. Mimi na mume wangu sote ni watu wa Tanga. Mimi nilitangulia kuja kwa viza ya kazi ya kutunza wazee, yeye na mtoto wetu wakanifuata. Nyumbani alikuwa dereva wa lori, njia ya Tunduma, na sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Huku akapata kazi kwenye duka la sheli, zamu ya usiku, peke yake kuanzia saa nne mpaka alfajiri.

Miezi 19 iliyopita, saa nane za usiku, waliingia vijana wawili wameficha nyuso. Mmoja akaruka kaunta akamwekea kisu shingoni, akamwamuru ahesabu kwa sauti mpaka mia moja wakati mwenzake anazoa fedha na sigara. Akahesabu. Anasema alipofika 62 alisikia mlango ukifungwa, akajua wametoka, lakini hakuweza kuacha. Alimaliza mia akaanza tena moja. Mteja wa kwanza aliyeingia alimkuta bado anahesabu.

Hakuguswa hata ukucha. Polisi walikuja, akatoa maelezo, akapewa namba ya tukio. Watu wa gari la wagonjwa walitaka kumpima, akawaambia yuko salama. Asubuhi akarudi, akanywa chai na vitumbua, akalala. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yameisha.

Mama, hayakuisha. Usiku halali kitandani, anakaa kwenye kiti ameuelekea mlango. Haingii duka lolote lenye kaunta, mimi ndiye ninayenunua kila kitu. Ijumaa haendi tena msikitini kwa sababu hawezi kusujudu na watu nyuma yake. Mimi naye tunaishi kama ndugu, utanielewa. Kazi ya usiku aliiacha baada ya wiki tatu, akaenda ghalani, akaacha, sasa anafanya usafi asubuhi mbili kwa wiki. Na anahesabu. Akioga anahesabu, akifunga viatu anahesabu. Mtoto wetu ana miaka 8, naye ameanza kuhesabu pamoja na baba yake, anadhani ni mchezo wao wawili. Siku niliyosikia sauti zao mbili bafuni zinafika 40, 41, 42, nilitoka nje nikalia.

Polisi walimpigia simu baada ya miezi miwili aende kutazama picha za watu, pengine atamtambua mmoja. Hakwenda. Walipopiga tena hakupokea. Hatujasikia kitu tangu hapo.

Sasa dada mmoja kazini kwangu ameniambia serikali ya huku hulipa fidia watu waliofanyiwa uhalifu, hata walioumia moyoni tu. Nikapata kampuni moja mtandaoni, wao wanataka robo ya kitakachopatikana. Nilipomweleza mume wangu alikasirika. Anasema bila jeraha hakuna PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kule nyumbani, na bila PF3 hakuna kesi, na wezi wenyewe hawajakamatwa, nani atamlipa? Anasema kuchukua fedha kwa sababu uliogopa ni kuuza utu wako. Anasema pia viza zetu zimeandikwa tusiguse fedha za umma, tutafukuzwa. Na mwaka jana alipigwa faini ya mwendo kasi, kwa hiyo ana rekodi. Lakini nadhani hofu yake kubwa ni kuandikwa kwamba ana ugonjwa wa akili.

Mama mkwe anataka nimrudishe Tanga akazinguliwe. Hapa siwezi kumuuliza mtu wa jamii yetu, maana habari hufika kwa watu kabla hujafika mwenyewe nyumbani.

Je, ana haki? Ni kiasi gani? Na naweza kuiandika fomu kimya kimya bila yeye kujua, kisha nimwambie ikishakubaliwa?

Mke, Coventry

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na kalenda, maana ndiyo isiyokusubiri. Mpango wa fidia unaohusu England, Wales na Scotland unamtaka mtu mzima awasilishe dai lake ndani ya miaka 2 tangu siku ya tukio. Mmekwisha kutumia miezi 19. Mnayo mitano. Muda huo huweza kuongezwa tu pale palipokuwa na hali isiyo ya kawaida iliyomzuia mtu asiombe mapema, na hata hapo ushahidi uwe umeshakamilika kiasi cha kutohitaji uchunguzi mrefu. Usiuegemee mlango huo. Watu wengi hujichelewesha wakidhani lazima kwanza wapate barua ya daktari ndipo wajaze fomu. Sivyo. Fomu itangulie, karatasi za daktari zitafuata. Fomu yenyewe inataka jina, anwani alizoishi, tarehe na mahali pa tukio, namba aliyopewa na polisi, na jina la GP wake, yaani daktari wa mtaani aliyejiandikisha kwake. Hujazwa mtandaoni au kwa simu, na haina malipo.

Sasa haki. Ndiyo, anayo, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila kusita.

Mpango huu, unaoendeshwa na mamlaka iitwayo kwa herufi zake CICA, unamtazama aliyefanyiwa kitendo cha ukatili. Tafsiri yao ya ukatili haikuishia kwenye kupigwa. Imetaja wazi vitisho vinavyomfanya mtu mwenye moyo wa kawaida aogope kwamba anadhuriwa sasa hivi. Kisu shingoni ni hicho hasa. Mumeo yuko ndani ya maneno ya sheria bila kuvuta wala kusukuma.

Wezi kutokukamatwa hakuzuii kitu. Nalielewa wazo la mumeo, kwa sababu ndivyo tulivyokulia: kwetu Tanzania mahakama ikishamtia mtu hatiani huweza kumwamuru amlipe aliyemkosea, basi asipopatikana mkosaji hakuna wa kumdai. Huku upo pia utaratibu wa namna hiyo mahakamani, lakini CICA ni kitu kingine. Wao hutazama kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba tukio lilitokea kuliko kwamba halikutokea. Mtu hahitaji kuhukumiwa, wala hata kujulikana jina.

Na PF3 aisahau. Hakuna fomu huku inayodai damu kwanza.

Hapa ndipo penye uzito, naomba unisikilize kwa utulivu. Wanaopima jeraha la nafsi katika mpango huu hawaulizi mtu aliogopa kiasi gani usiku ule. Wanauliza mambo mawili: je, jeraha limemzuia kwa kiasi kikubwa kufanya mambo ya kawaida ya kila siku, na kwa muda gani? Kazi, shule, mahusiano na watu, mambo ya unyumba, vyote vinahesabika na vimetajwa. Ikiwa hali hiyo ilidumu chini ya wiki 6, hakuna malipo. Ikidumu wiki 6 hadi wiki 28 ni pauni 1,000. Kuanzia wiki 28 hadi miaka 2 ni pauni 2,400. Ikivuka miaka 2 lakini isifike 5, pauni 6,200. Miaka 5 na zaidi bila kuwa ya kudumu, pauni 13,500. Ikithibitika ni ya kudumu hufika 19,000 au 27,000, kwa kutegemea uzito wake. Kwa uliyonieleza, mumeo leo yuko kwenye ngazi ya 2,400, na mtaalamu akiona kwamba hali itapita miaka miwili, atapanda hadi 6,200. Sikuahidi. Nakuonyesha ngazi ili usije ukapangisha matumaini nyumba isiyokuwepo.

Kwa maana hiyo ushahidi wa mumeo hauko kwenye sheli. Uko kwako: kiti kilichouelekea mlango, Ijumaa zilizompita, duka usiloweza kumtuma, kazi tatu ndani ya miezi 19, ile hesabu bafuni. Hayo ndiyo anayotakiwa kuyasema kwa daktari. Na hayo ndiyo ninayohofia kwamba hatayasema.

Nimefanya kazi ya ukalimani hospitalini na kwenye mabaraza ya huku kwa miaka mingi, nami nimeona jambo moja likiwaangusha watu wetu kuliko jingine lolote. Sisi tumelelewa kujibu salamu kwa uzima. Unaingia nyumba yenye msiba, unauliza habari za hapa, unajibiwa nzuri, ila tumefiwa. Mgonjwa aliyeshindwa kuinua kichwa husema hajambo, anaendelea na Mungu. Ni adabu, na ni adabu nzuri, inamlinda anayeuliza asibebeshwe mzigo ghafla mlangoni. Lakini daktari wa huku akiuliza unaendeleaje, ile si salamu. Ni uchunguzi umeanza. Mume anajibu kwamba anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu, ni usingizi kidogo tu. Daktari anaandika neno kwa neno: anaendelea vizuri, usingizi kidogo. Miezi kumi baadaye mtu wa CICA anafungua faili, anasoma mstari huo, na hana sababu ya kuufikiria kuwa ni adabu. Nimewahi kukaa karibu na mama mmoja akisomewa faili lake mwenyewe la miaka miwili, kila ukurasa umeandikwa yuko vizuri, naye katika miaka hiyo alikuwa hajawahi kulala bila taa. Aliniuliza kwa sauti ndogo, hivi wanamsema nani?

Mumeo alishaanza usiku uleule. Aliwaambia watu wa gari la wagonjwa kwamba yuko salama, na hilo limeandikwa. Halijaharibu dai lake, kwa maana jeraha la namna hii mara nyingi huchelewa kujitokeza na wataalamu wanalijua hilo. Lakini sasa unahitajika mstari mwingine kwenye faili, na uwe wa kweli.

Kwa hiyo wiki hii aonane na GP. Wewe keti naye usiku mmoja, mtoto akishalala, muandike pamoja ukurasa mmoja wa siku yake ya kawaida: anaamka saa ngapi, anafanya nini mpaka jioni, kipi alikuwa anakifanya kabla na sasa hakifanyi. Si lazima aueleze usiku wa kisu. Auchukue ukurasa huo aupeleke, na daktari akiuliza unaendeleaje, ampe. Asiongeze chumvi hata punje, kwa kuwa CICA watasoma faili lote la daktari na maelezo ya polisi, na uongo mdogo unaokamatwa humharibia mtu na ukweli wake wote. Ila asipunguze pia. Kwa watu wetu kupunguza ndiko kunakoua madai mengi.

Neno la GP peke yake halitoshi kwa malipo. Lazima mtaalamu wa saikolojia ya tiba au daktari bingwa wa magonjwa ya akili athibitishe ugonjwa na muda wake. GP anaweza kumpeleka kwa mmoja wao, na CICA wenyewe huweza kupanga uchunguzi wanapoona upo msingi. Gharama ya kupata barua za awali kutoka kwa daktari inaweza kuwa juu yenu, mwisho pauni 50. Akiwa England anaweza pia kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, bila kupitia GP na bila malipo. Zipo tiba zilizotengenezwa kwa ajili ya kiwewe hasa, zinazomrudisha mtu kwenye usiku ule polepole, kwa mkono wa mtu anayejua njia, mpaka usiku uwe usiku uliopita. Wapo wanaoogopa kwamba wakipona watakosa fedha. Tafadhali msifikirie hivyo. Fidia inapima alichopitia, na mtu anayekataa tiba bila sababu ndiye anayejiwekea maswali.

Kuhusu kuandikwa kuwa ana ugonjwa wa akili: nadhani neno letu lenyewe linatutesa. Tukisikia mgonjwa wa akili tunamwona yule anayezunguka sokoni bila nguo. Tafuta neno lingine mnapozungumza nyumbani. Sema moyo wake umeshtuka ukakwama. Sema kiwewe. Mwajiri hapelekewi faili la daktari, wala msikiti, wala jirani wa Coventry. Na huyu ni mtu aliyeamrishwa kuhesabu ili asichinjwe, mwili wake ukaamini kwamba kuhesabu ndiko kulikomwokoa. Hauko tayari kuacha. Sioni wazimu hapo.

Niende kwenye suala la polisi, ambalo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko viza na faini vyote. Mpango unataka tukio liwe limeripotiwa mapema, hilo mmelitimiza usiku uleule. Unataka pia mwombaji awe ameshirikiana na polisi, kwa kadiri ilivyowezekana, katika kumtafuta mkosaji. Kutokwenda kutazama picha na kutopokea simu kunaweza kusomwa kama kukataa kushirikiana, na dai likakataliwa kwa sababu hiyo tu. Lakini zingatia yale maneno, kwa kadiri ilivyowezekana. Mtu ambaye haingii hata duka la maziwa, ambaye kila kinachomkumbusha kisu anakikwepa, kukwepa kwake ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Hilo lisemwe sasa, lisingoje kuulizwa. Apige simu, au akuruhusu upige naye akiwa pembeni, ataje namba ya tukio, aeleze kwamba hakuweza wakati ule kwa sababu ya hali yake, na aulize kama faili bado liko wazi na kama anahitajika. Aandike tarehe ya simu na jina la aliyezungumza naye. Ikiwa wamefunga faili, basi wamefunga, lakini atakuwa amejitokeza. Na amwambie GP pia kwamba alishindwa kwenda, ili iwe kwenye karatasi.

Viza. Fedha za umma mnazokatazwa zimeorodheshwa kwenye kanuni za uhamiaji: ni ruzuku za kipato, za nyumba, za watoto na mfano wa hizo. Fidia ya majeruhi wa uhalifu haimo. Kwa upande wa CICA wanachotazama kwanza ni kama siku ya tukio mtu alikuwa mkazi wa kawaida wa Uingereza. Mume aliyeingia kihalali, anaishi na mkewe, mtoto anasoma hapo, ni mkazi.

Faini ya mwendo kasi aiondoe moyoni. Hukumu zinazovunja dai ni zile za kifungo au za kazi za jamii ambazo muda wake wa kisheria haujapita, na adhabu nyingine za jinai nazo hupunguza. Lakini faini na alama za leseni kwa kosa la barabarani zimeachwa nje ya hesabu hiyo.

Ile kampuni inayotaka robo, iache. Robo ya pauni 6,200 ni pauni 1,550, kwa fomu mnayoweza kuijaza wenyewe jioni moja. CICA hawalipi gharama za mwakilishi, kwa hiyo anayekuwakilisha hula kwenye sahani ya mgonjwa. Yapo mashirika ya hisani yanayosaidia waathirika wa uhalifu bila malipo, na kama mumeo alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi alipokuwa sheli, awaulize. Awaulize na jambo la pili: kama mwajiri alikuwa na wajibu wa kutomwacha peke yake usiku kucha. Hilo ni dai jingine kabisa, la mahakama ya madai, na muda wake kwa kawaida ni miaka 3. Hapo mwanasheria anahitajika kweli. Ila fedha ya jeraha moja hailipwi mara mbili, akipata huko, ya CICA hukatwa au hurudishwa.

Mpango unagusa pia mshahara uliopotea, lakini kwa masharti makali: lazima mtu awe ameshindwa karibu kabisa kufanya kazi kwa zaidi ya wiki 28, na hizo 28 za mwanzo hazilipwi. Mumeo amekuwa akijaribu kazi hapa na pale, nami sioni kama itamfikia. Mwambie ayaandike yote hata hivyo.

Sasa kauli yake kwamba ni kuuza utu. Hii sitaki kuipita mbio, kwa sababu mwanaume anayesema hivyo anastahili jibu na si kubembelezwa. Mwambie historia. Miaka ya 1950 alikuwepo mama mmoja wa Kiingereza, Margery Fry, aliyetumia umri wake kutetea hali za wafungwa. Uzeeni akageuka akauliza, na aliyeumizwa je, nani anamtazama? Alifariki mwaka 1958 bila kuona jibu. New Zealand wakatunga sheria mwaka 1963, Uingereza wakaanza mpango wao mwaka 1964. Na serikali ilipouanzisha haikusema inalipa deni. Ilisema umma unaonyesha kumsikitikia mwenzao aliyefikwa. Hatufundishwi jambo hilo na mtu. Kwetu tunaliita rambirambi. Daftari hupitishwa, kila mmoja anatia alichonacho, na sijawahi kumsikia mfiwa akiona kwamba amelipwa bei ya maiti wake. Fedha hii haitoki mfukoni kwa mwenye kisu. Inatoka kwenye hazina ambayo mumeo mwenyewe alikuwa akikatwa kodi kila mwezi kuijaza, akiwa peke yake pale kaunta. Kama bado ana shaka ya halali na haramu, amuulize sheikh anayemwamini, lakini amweleze chanzo hiki cha fedha kama kilivyo.

Umeuliza kama unaweza kuifanya kwa siri. Hapana, mwanangu. Dai ni lake. Unaweza kumsaidia kujaza, unaweza hata kuwa mwakilishi wake akikuruhusu kwa maandishi, lakini huwezi kumdai fidia mtu mzima mwenye fahamu zake nyuma ya mgongo wake. Na hebu fikiria mtu huyu anaogopa nini: anayekuja nyuma yake. Usiwe wewe.

Mpelekee mambo mawili tu kwanza, tarehe na mtoto. Tarehe ya mwisho iandike mahali anapoiona. Kuhusu mtoto, sikushauri umtishe nalo, ila mwambie ulichosikia bafuni na kwamba ulitoka ukalia. Nadhani hajui.

Mama mkwe mpe heshima yake. Dua na kisomo mumeo anaweza kusomewa hata kwa simu, na kama vinamtuliza ni heri kubwa. Safari ya Tanga sasa hivi itakata tiba na kula miezi mitano mliyobakiwa nayo.

Nawe hukuniuliza kuhusu wewe. Mpango huu hautakufikia, nasikitika kukuambia. Asiyefanyiwa uhalifu mwenyewe huhesabiwa tu ikiwa alishuhudia mpendwa wake akiumizwa au alifika mara baada ya hapo, na wewe ulikuwa nyumbani. Miezi 19 ya kununua kila kitu, kufanya kazi ya wawili na kulala peke yako haina ngazi kwenye lile jedwali. Lakini GP ni wako pia. Weka miadi yako, tofauti na yake.

Wakikataa dai, asikate tamaa kwa barua ya kwanza. Ana siku 56 za kuomba litazamwe upya na mtu mwingine, na wakikataa tena ana siku 90 za kukata rufaa kwenye baraza lililo huru na CICA, bila ada. Majibu ya awali yenyewe huweza kuchukua mwaka au zaidi, kwa hiyo msipangie fedha hiyo kodi ya nyumba.

Mwisho, mkipanga miadi ya GP ombeni mkalimani, hata kama Kiingereza chake cha kazini kinatosha. Mtu huugua kwa lugha ya mama yake. Na kwa kuwa unaogopa habari kusafiri, sema tangu mwanzo kwamba mnataka mkalimani wa simu asiye wa Coventry. Ni ombi la kawaida. Wakati wa miadi mumeo asitaje jina lake kwa mkalimani, inatosha kusema ni mgonjwa. Nao muda wa miadi ni mfupi na tafsiri huula nusu, kwa hiyo omba miadi mirefu, na ule ukurasa mmoja mliouandika usiku uwe mkononi mwake kabla hajaulizwa hali.